Windows 10 imefika mwisho: picha za bi harusi zitakaa wapi?



Leo siandiki habari za vitambaa wala mishono. Nataka tuzungumze kuhusu kompyuta, na naomba usiondoke, maana jambo lenyewe linamgusa kila bi harusi aliyewahi kumtumia fundi wake picha akiwa hana mtandio.

Mimi ni fundi wa nguo za harusi. Kwetu ni Unguja lakini ndoa imenileta Dodoma, na duka langu lipo Area D. Nashona magauni, shela, abaya za nikahi, na nina mashine ndogo ya kudarizi inayosoma michoro kutoka kwenye flashi. Wateja wangu wa siku hizi hawaji mara tatu nne kupimwa kama zamani. Wengine wako Singida, wengine Manyoni, wengine wanakuja na treni kutoka Dar siku ya kujaribu nguo tu. Wananitumia vipimo na picha za mbele, nyuma na ubavuni, wakiwa wamevaa nguo ya kubana ili nione umbo. Picha hizo si za kuonwa na mwanamume ajinabi. Zinakaa kwenye laptopu yangu, kila mteja na folda yake yenye jina na tarehe ya harusi.

Sasa, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10, ile iliyotoka Julai 2015 na ambayo wengi wetu bado tunaitumia. Ukitaka kuhamia Windows 11 hulipi kitu, ila kompyuta yako lazima ifuzu. Kwa upande wa Intel, prosesa iwe kwa kawaida ya kizazi cha nane kwenda juu, na ndani yake kuwe na kitu kinaitwa TPM 2.0 cha kutunzia funguo za siri. Laptopu yangu ni ya mtumba, kizazi cha sita. Haikufuzu. Inawaka vizuri, betri inakaa saa tatu, kioo hakina mkwaruzo, lakini ndiyo hivyo, imeshaitwa mzee.

Shoga yangu mmoja akaniambia, "Achana nao, mbona inafanya kazi?" Kweli inafanya kazi. Cherehani yenye waya uliochubuka nayo inafanya kazi. Maana ya kukosa masasisho ni kwamba wezi wakigundua tundu jipya, hakuna wa kulishona. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote na kudai pesa, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuzuia tundu lile kilikuwa kimeshatolewa mwezi Machi. Walioumia ni ambao hawakukiweka, au mfumo wao ulikuwa mkongwe.

Lakini niseme ukweli, kilichonisukuma si kirusi. Ni jambo lililonikuta mwaka 2023 na sijawahi kulisimulia hapa.

Laptopu ilikuwa nzito, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini aifomati. Nikaiacha usiku mzima bila kutoa chochote. Asubuhi nilipoifuata akaniambia kwa upole kabisa, "Dada usijali, kazi zako nimezihamishia kwenye diski yangu kwanza zisipotee. Kumbe unashona magauni mazuri hivyo!" Mwili ulinisisimka. Magauni aliyaona wapi, kama si kwenye folda zile? Hakuwa na nia mbaya, naamini, ila alifungua. Nikamsimamia hadi akafuta, lakini nani ajuaye kama kulikuwa na nakala nyingine. Kufuta kwenyewe si kufuta, picha iliyofutwa kwa njia ya kawaida mara nyingi inaweza kurudishwa.

Niliwapigia simu wateja wanne ambao picha zao zilikuwa mle. Watatu walinisamehe. Mmoja alinyamaza, akasema "sawa anti," akakata. Gauni lake lilikuwa nusu. Alimtuma mama yake alichukue hivyohivyo, akamalizia kushona kwingine. Nikimkuta kwenye shughuli hadi leo natafuta pa kuweka macho.

Kwa hiyo nilipoambiwa mfumo wangu hauna tena wa kuuziba matundu, sikuweza kujiambia itakuwa sawa tu.

Nikaanza kuuliza, na kila mtu ana lake. Muuzaji mmoja wa kompyuta akasema atanipigia Windows 11 kwa nguvu kwenye laptopu hiihii, elfu ishirini tu. Inawezekana, ipo njia ya kuruka ule ukaguzi. Lakini Microsoft wenyewe wanasema kompyuta isiyofuzu haina haki ya kutegemea masasisho, na masasisho ndiyo niliyokuwa natafuta. Elfu ishirini ya kununua jina?

Mwingine akaniambia ninunue Mac. Nikamshukuru, nikaenda zangu kupiga pasi.

Njia ya tatu ni kuongeza mwaka. Microsoft waliweka mpango wa watu binafsi kuendelea kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kulipa dola 30, au bila kulipa ukikubali kuingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwao mtandaoni. Hii ni nafuu ya kweli kwa aliyebanwa. Ila dada, soma kabla hujabonyeza. Kwenye ukurasa huo wa kuhifadhi kuna vitufe vya folda, na folda ya picha ni mojawapo. Kinachotakiwa ni mipangilio, picha za watu hazihusiki. Zima.

Ya nne ni Linux. Nilipolisikia neno hili niliona wavulana wa chuo wenye miwani. Kumbe ni mfumo kama mifumo mingine, ila haulipiwi na kila mtu anaruhusiwa kuunakili. Mmoja unaitwa Ubuntu, ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni lilelile neno letu la utu kwa lugha za kule. Mwingine ni Linux Mint, ambao sura yake inafanana na Windows kiasi kwamba binti yangu aliuzoea kabla sijamaliza kunywa chai. Na si mambo mageni kwetu. Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na hesabu kwa Kiswahili kitupu, kupitia mradi wa Kilinux. Tulikuwa mbele, tukasahau.

Uzuri wa Mint ni kwamba unaijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye kompyuta. Nilinunua bando, nikashusha faili la karibu GB 3, nikakaa nalo Jumamosi na Jumapili nzima. Intaneti ilishika, printa ikachapa risiti, kurasa za TRA zikafunguka kwenye kivinjari kama kawaida. Daftari langu la hesabu la Excel likafunguka ndani ya LibreOffice, ingawa rangi za jedwali zilihama kidogo.

Tatizo likaja kwenye kudarizi. Hapa ndipo nawaomba mafundi wenzangu mnisikilize, maana wanaosema "hamia tu Linux" hawashoni. Programu kubwa za kudarizi, kama Wilcom na PE-Design ya Brother, zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux ipo ya bure inayoitwa Ink/Stitch. Inasoma na kuandika faili za DST na PES zinazoingia kwenye mashine, na nilidarizi ua moja zuri tu la pembeni ya mtandio. Lakini michoro yangu ya asili niliyoitunza miaka minne, ile ninayoweza kuongeza na kupunguza bila kuharibu mishono, haikufunguka. Na herufi za majina ya maharusi zilinichukua saa mbili badala ya dakika kumi. Mwezi wa Shaaban, kila mtu akiwa anaoa kabla ya Ramadhani, saa mbili sina.

Halafu kuna aibu nyingine ndani ya hii. Ile programu yangu ya kudarizi niliuziwa kwenye flashi, shilingi elfu thelathini, imeshavunjwa leseni. Nilijua. Sote mtaani tunajua. Nilijipoza kwamba wenye kampuni ni matajiri, wako mbali. Nilipomuuliza ustadh wetu akanieleza kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, kwenye kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa kisheria, haifai kuivamia. Akaniuliza nitajisikiaje mtu akinakili mchoro wangu wa shela na kuuza. Nishawahi kuibiwa mchoro, na niligomba mwezi mzima. Ukiacha hukumu, programu za namna ile ni njia mojawapo ya virusi kuingia, kwa sababu aliyeivunja hukumjua na hujui alichopachika.

Sasa uamuzi wangu. Msicheke, niliswali istikhara. Mume wangu alisema istikhara ya laptopu hajapata kuisikia. Nikamwambia ni istikhara ya riziki.

Laptopu ya zamani nimeiwekea Linux Mint moja kwa moja, na wakati wa kuiweka nilichagua diski nzima ifungwe kwa nywila. Mwizi akiipita nayo dirishani, au ikifika tena mezani kwa fundi, bila nywila haoni kitu. Humo ndimo zinakaa picha na vipimo vya wateja na hesabu za duka. Kwa kudarizi nimenunua mtumba mwingine wa kizazi cha nane, laki sita na nusu, wenye Windows 11 halali, na programu ndogo ya kudarizi nimeilipia kwa halali pia. Ndogo kweli, haina nusu ya madoido ya ile ya wizi. Kwenye kompyuta hiyo hamna picha ya mtu hata moja.

Najua laki sita na nusu si pesa ya kuokota. Kama nisingekuwa nadarizi nisingeinunua, ningebaki na Mint peke yake na ingenitosha. Kama wewe unauza vitenge na kazi yako ni WhatsApp na daftari, sioni kwa nini uhangaike na kompyuta mpya. Na kama unaogopa kubadilisha chochote msimu huu wa harusi, chukua ule mwaka wa nyongeza, upumue, ila usiutumie kulala. Ninachokikataa ni kukaa kwenye Windows 10 isiyo na masasisho, imeunganishwa intaneti, na ndani yake mna mabinti za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, amana ni amana.

Nanyi maharusi, mna haki ya kuuliza. Fundi akikuomba picha, muulize anaiweka wapi, nani anashika kompyuta yake, na ataifuta lini. Akichukia, hizo picha usimpe, mwende mkapimane ana kwa ana.

Wiki iliyopita alikuja binti mmoja kuchukua gauni. Nikafungua laptopu mbele yake, nikamwonyesha folda yake, nikaifuta akiona. Nilijisikia vizuri, siwafichi. Akaniangalia, akasema, "Ahsante anti. Na zile nilizokutumia WhatsApp?"

Nikafungua simu. Zilikuwa kwenye galari, zote, katikati ya picha za birthday ya mwanangu ambaye huichezea simu hiyo kila jioni na binamu zake wa kiume. WhatsApp huzishusha yenyewe usipoizuia. Tulikaa kwenye mkeka pale dukani, tukazifuta moja moja, yeye akihesabu.