Hata Paulo Alihuzunika

Nimesoma kwa makini makala moja kuhusu wahaka, na ingawa nakubaliana na mwandishi wake kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu ndiyo dawa ya wahaka, sikuridhika na jinsi alivyomtaja Mtume Paulo kana kwamba hakupata kukosa usingizi hata usiku mmoja. Waraka wenyewe kwa Wafilipi, aliouandika akiwa kifungoni, wasema vingine: kabla hajafika sura ya nne, anapowausia waumini wasielemewe na masumbufu bali wayafikishe mahitaji yao kwa Mungu wakishukuru, amekwisha kukiri katika sura ya pili kwamba Epafrodito, mjumbe aliyemletea msaada wao, aliugua hata akachungulia kaburi, na kwamba anaharakisha kumrudisha kwao ili huzuni yake mwenyewe ipungue. Na kwa Wakorintho hakuficha kuwa fikira za makanisa yote zilimlemea kila siku.

Basi mama aketiye ukingoni mwa kitanda saa nane za usiku, akimkanda mwanawe mwenye homa kwa kitambaa cha maji, asiambiwe na wazee wa kanisa (na wapo walio wepesi mno wa kuhukumu) kwamba imani yake ni haba. Paulo alisali, na vilevile akamfungisha Epafrodito safari. Mama naye akisali huku akingoja kupambazuke ampeleke mtoto zahanati, sioni amepungukiwa na tawakali kwa lipi.