Jamii ndogo isiyo na chama: ni nani aisemee?

Katika stendi ya Mombo, pale ambapo barabara ya Lushoto inaiacha barabara kuu na kuanza kuupanda mlima, msafiri husikia lugha nne au tano kabla hajamaliza kikombe chake cha chai. Mshambaa ameteremsha mboga, Mzigua ameleta mahindi, Mpare yuko dukani, Mmaasai anauliza bei ya dawa ya mifugo. Biashara yote hufanyika kwa Kiswahili, na hakuna anayemuuliza mwenzake kabila lake kabla ya kumrudishia chenji. Tumeizoea neema hii kiasi cha kuisahau.

Hata hivyo, tangu Juni 2022, familia za wafugaji kutoka Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro zilipoanza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, swali moja limekuwa likirudi katika mazungumzo ya waamini wetu. Jamii ndogo inapokuwa na jambo lake zito, jambo ambalo walio wengi nchini haliwagusi, ni nani atakayelisema bungeni? Na wengine huongeza, kwa sauti ya chini: mbona wasiwe na chama chao?

Sheria ya nchi imekwisha kujibu. Ibara ya 20 ya Katiba, pamoja na Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992, inakataza kuandikishwa chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani, kabila fulani, rangi fulani au eneo moja tu la nchi. Chama kinachotaka usajili wa kudumu hutakiwa kuonesha wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, na miongoni mwake uwemo mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Kwa kipimo hicho, chama cha Wamaasai, cha Wahadzabe au cha Wazigua hakiwezi kuzaliwa.

Sisi hatulalamikii sheria hiyo. Tunaomba tu isomwe pamoja na historia, maana haikuwa hivi siku zote. Kabla TANU haijaanzishwa Julai 1954, vyama vilivyosikika sana kaskazini mwa nchi vilikuwa vya watu wa mahali pamoja. Wachagga walikuwa na Umoja wao wa Raia tangu 1949. Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi ipewe walowezi, ni umoja wao uliomtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Hakurudishiwa ardhi, lakini dunia ilisikia. Hapa kwetu, katika milima ya Usambara, wakulima waliolazimishwa kuchimba matuta waliyachukia, na chuki hiyo ikawa mlango ambao TANU iliingilia. Chama cha taifa kilikua kwa sababu kiliyabeba malalamiko ya mahali padogo kana kwamba ni ya nchi nzima. Hapo ndipo kilipopata haki ya kuwaambia watu waviache vyama vyao vya nyumbani.

Mbali na hapa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, uko mfano unaofaa kutazamwa, tena wenye mkono wa Wakatoliki ndani yake. Wadayak ni jina la jumla la makabila ya asili ya kisiwa cha Borneo. Katika Kalimantan Magharibi, sehemu ya Indonesia, walidharauliwa kama watu wa porini, nao wasomi wao wa kwanza wengi walitoka katika shule za misheni. Mwishoni mwa 1945 baadhi ya walimu na waseminari wa zamani walianzisha harakati ambayo mwaka uliofuata ikawa chama cha Wadayak. Katika uchaguzi mkuu wa 1955 kilipata kiti kimoja tu katika bunge la taifa. Kimoja! Lakini nyumbani kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa, na mmoja wa viongozi wake, Oevaang Oeray, ambaye alipata kusoma seminari, akawa gavana wa jimbo.

Halafu ikaja amri ya Rais Sukarno ya mwaka 1959 iliyotaka kila chama kiwe na matawi katika majimbo mengi. Msomaji atakuwa ameona jinsi inavyofanana na sheria yetu. Chama cha Wadayak kikafa. Wanachama wake walitawanyika, wengine wakaenda Partindo, wengine Chama cha Kikatoliki, na mwaka 1966, baada ya Sukarno kudhoofika, Oeray akaondolewa madarakani. Mwaka uliofuata Wadayak wengi walichochewa na jeshi kuwafukuza majirani zao wa asili ya Kichina kutoka vijijini, na damu nyingi ikamwagika. Hatusemi kwamba kufa kwa chama ndiko kulikoleta maafa hayo. Wala hatusemi kwamba chama cha kabila kingeyazuia, huenda kingeyaongoza. Tunachokiona ni kwamba jamii iliyonyang'anywa sauti yake halali haikupewa nyingine badala yake.

Mababa wa Kanisa wametufundisha kuzishika pande zote mbili. Mtakatifu Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alidai haki kwa jamii zilizo chache ndani ya taifa, na papo hapo akazionya zisikuze mambo yao hadi yakawa juu ya utu wa watu wote. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si', namba 146, alitaka jamii za asili ziwe wazungumzaji wakuu pale miradi mikubwa inapoigusa ardhi yao. Wazungumzaji, si wasikilizaji wa tangazo.

Tukirudi Handeni: kama chama hakiruhusiwi, mfugaji amebakiwa na nini? Amebakiwa na mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano huo nafasi ambayo wengi wetu hatuijui, hata kuidhinisha mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Pale watu mia mbili chini ya mti wanaweza kusema hapana, bila kuwa na mwanachama hata mmoja Pemba. Kwa jamii ndogo, kijiji kilichosajiliwa ndicho chama chake.

Kwa sababu hiyo tulishtuka Agosti 2024, tangazo la serikali lilipofuta kata, vijiji na vitongoji vya Ngorongoro, miezi michache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Watu walijaa barabarani, Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo hilo siku chache baadaye, na serikali ikarudi mezani. Mengi yaliandikwa kuhusu ng'ombe na watalii, machache kuhusu jambo ambalo kwetu lilikuwa zito zaidi: kufuta kijiji ni kufuta kikao pekee ambacho watu hao wanakuwa wengi.

Msomera nako kuna upande usiosemwa vya kutosha. Serikali inaeleza kwamba uhamaji ni wa hiari, na nyumba zilizojengwa zinaonekana kwa macho. Lakini Msomera haikuwa tupu. Baadhi ya wenyeji wamelalamika hadharani kwamba mashamba na malisho yao yaligawiwa wageni. Nao ni wachache, nao hawana chama. Mgeni na mwenyeji wamewekwa katika kijiji kimoja, kila mmoja akiwa na dai, na mwenye dawa ya kura kwao ni yule tu aliyeteuliwa na chama cha taifa kilichowaweka katika hesabu zake. Je, vyama hivyo vimekwenda kuwasikiliza nje ya msimu wa kampeni? Swali hilo tunavielekezea vyote, chama tawala na vya upinzani. Tunajielekezea na sisi pia, maana si kila parokia inayomhesabu mfugaji kuwa muumini wake kamili. Mara nyingine tunamkumbuka siku ya mavuno peke yake.

Baada ya kukutana na viongozi wa Kimaasai Arusha, Desemba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi Ngorongoro na nyingine ya utekelezaji wa uhamaji wa hiari, nazo zilizinduliwa Februari 2025. Ombi letu kuhusu kazi ya tume hizo ni dogo. Yaliyomo katika taarifa zao yasomwe hadharani, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, Endulen na Msomera, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari wa majibu ya wanakijiji uambatishwe.