Makanisa na Deni la Maskini

Wako watu wanaodhani kwamba kazi ya kanisa juu ya umaskini ni kugawa: blanketi, unga, na nguo kuukuu zilizofungwa marobota huko Ulaya. Kazi hiyo twaiheshimu, maana wengi wetu tulisomea shule zilizojengwa kwa sadaka za namna hiyo. Lakini mwenye njaa akishapewa unga, hapana budi mtu aulize mahindi yake yamekwenda wapi. Mwalimu Nyerere aliyasema hayo waziwazi Oktoba 1970, alipowahutubia masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kuwa Kanisa lisiposhiriki katika kuupinga mpango wa dunia unaowafanya watu kuwa maskini, halitakuwa na maana tena kwa wanadamu.

Twayakumbusha maneno hayo kwa sababu ya habari ya madeni. Tarehe 16 Mei 1998, wakati viongozi wa nchi nane zenye nguvu walipokutana Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji ule, wakidai nchi maskini zifutiwe madeni yasiyolipika. Walikuwamo Wakatoliki, Waanglikana na walokole, pamoja na mashirika ya misaada kama Christian Aid, CAFOD na Tearfund, ambayo siku nyingine huomba sadaka kila moja kwa bakuli lake. Mmoja wa walioanzisha jambo hilo alikuwa Martin Dent, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Keele, ambaye zamani (hapa twatabasamu kidogo) alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni katika Nigeria. Hoja yao waliitoa katika Mambo ya Walawi, penye sheria ya mwaka wa hamsini, ambao watumwa huachwa huru na ardhi hurudi kwa wenyewe. Wala si Wakristo peke yao wenye mafundisho hayo. Kurani nayo yaagiza kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi.

Je, walifanikiwa? Kwa sehemu. Mwaka 1999, huko Cologne, wakubwa wale waliahidi msamaha mkubwa zaidi. Tanzania ilikamilisha masharti Novemba 2001, na nafuu yake yote, kwa miaka mingi, ilikadiriwa kuwa dola bilioni 3. Mwaka huo huo serikali ya Chama chetu ilifuta karo ya shule za msingi, na watoto wakajaa madarasani hata madawati yasitoshe. Lakini tusisahau kwamba masharti yale yaliamuliwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, nao walikuwa miongoni mwa wadai. Mdai alikaa katika kiti cha hakimu, na jambo hilo hatukulipenda wakati ule, wala hatulipendi sasa.

Hapa nyumbani, mwaka 2008, Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA walitoa pamoja ripoti juu ya dhahabu yetu, wakisaidiwa na mashirika ya makanisa ya Norway na Uingereza. Haikuwa ripoti ya kuisifu serikali, na gazeti la Chama halina sababu ya kulificha hilo. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya 2010 iliufanya 4, na ya 2017 ikaufanya 6. Askofu na shehe wakitia sahihi karatasi moja, ni vigumu kwa waziri yeyote kusema kwamba hiyo ni fitina ya dini fulani.

Sasa wadai wamebadilika. Kampuni iitwayo Donegal International ilinunua deni la Zambia kutoka Romania mwaka 1999 kwa dola zipatazo milioni 3.3, na mwaka 2007 mahakama ya London ikaipa kiasi cha milioni 15. Wanaharakati walipiga kelele mpaka Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 2010 kuwazuia tai hao, lakini sheria hiyo yahusu madeni ya zamani tu. Zambia iliposhindwa kulipa tena mwaka 2020, ilihangaika na wenye hatifungani zake hadi 2024. Papa Francis aliomba msamaha wa madeni kwa Yubilei ya 2025, naye akafariki Aprili mwaka huo huo.

Hatifungani nyingi za Afrika huandikwa chini ya sheria za Uingereza na za New York. Basi Wakristo wa huko wawaendee wabunge wao wenyewe, ambao huwapigia kura. Nao maaskofu na mashehe wetu waulize hapa, mkopo mpya unapotiwa sahihi, ni wa kazi gani, kwa riba gani, na mahakama ya nchi gani itakayoamua mgogoro.