Ofisi Isiyojibu Barua

Wasomaji wetu walio Kenya wajua ya kuwa Katiba yao ya mwaka 2010, katika kifungu cha 35, humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Na mwaka 2016 Bunge likatunga sheria ya kuitimiza haki hiyo. Sheria ni njema, wala hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na wale waipokeao barua ya raia, wakaitia katika mtoto wa meza, wakanyamaza.

Mtu aandika akiuliza: Fedha za kisima cha kijiji chetu zilitumiwaje? Naye huulizwa, "Wewe wazitakia nini habari hizi?" Twasema, swali hilo lisiwe sharti kamwe. Sheria yanena wazi kwamba haki hii haipunguzwi na sababu aliyo nayo mwombaji, wala na ile ambayo ofisi yamdhania. Tena asiyejua kuandika, ofisa apaswa kumwandikia ombi lake na kumpa nakala.

Kisha huja ule mchezo wa kumrusha mtu: "Nenda kaunti", na kaunti, "Nenda Nairobi." Kumbe ofisi isiyo na habari hizo ndiyo ipaswayo kulipeleka ombi kwa iliyo nazo, kabla ya siku 5 kupita. Barua ndiyo isafiri, si mzee na fimbo yake!

Lakini kimya ndicho kibaya kupita vyote. Jibu latakiwa kwa siku 21, na kwa saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu u hatarini. Siku zikipita bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa, na mwombaji aweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wako wasemao kwamba hayo yatosha. Hatukubali. Akataaye hulazimika kutoa sababu, na sababu yaweza kupimwa na kujibiwa. Anyamazaye hakutoa neno lolote. Twajua ziko siri za haki, kama usalama wa nchi na mambo ya faragha ya mtu. Basi na yaandikwe hivyo, tuyasome.

Tazameni mikataba ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi. Raia walioiomba walikosa kuipata, hata wakaenda Mahakama Kuu huko Mombasa, nayo mwezi wa Mei 2022 ikaamuru itolewe. Novemba mwaka ule Waziri akatoa baadhi yake. Wale walikuwa na mawakili. Mwenye kuulizia kisima atampata wapi wakili?

Kwa hiyo twataka kila ofisi iweke daftari mlangoni: siku barua ilipopokewa, siku jibu linapotakiwa, na jina la ofisa aliyeishika. Kwa sheria hii mkuu wa ofisi mwenyewe ndiye ofisa wa habari, hata akimwachia mwingine kazi. Siku ya 21 ikipita, aulizwe yeye, si karani.