Mtetezi wa Fedha za Jeshi Atoe Hesabu

Mbunge akisimama kutetea kurudishwa kwa fedha za jeshi zilizopunguzwa katika bajeti, sisi tuishio mitaa ya Eastlands huwa wepesi wa kumkejeli. Twamwambia aje kwanza aone mitaro ya Kayole na mifereji mikavu ya Dandora. Kejeli hiyo naielewa, ila siiungi mkono.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotupwa baada ya maandamano ya Juni 25, lilibaki pengo la Sh346 bilioni. Mnamo Julai 5 mwaka huo, Rais William Ruto alipendekeza njia ya katikati: matumizi yapunguzwe kwa Sh177 bilioni na Sh169 bilioni zikopwe. Panapokatwa kiasi hicho, kila wizara hutafuta wa kuisemea, na Wizara ya Ulinzi haina hatia ikiwa na wake.

Askari waliouawa El Adde Januari 15, 2016, hawakujipeleka Somalia. Walitumwa, na hadi leo serikali haijatangaza rasmi idadi yao. Vijana wa mitaa yetu hupiga foleni kila makurutu wanaposajiliwa, kwa kuwa kazi nyingine ni adimu. Anayetaka wapewe magari yanayoweza kuhimili mabomu ya kutegwa ardhini anamtetea mtoto wa jirani yangu.

Lakini jeshi tulijualo huku si la mpakani pekee. Wazee wa Eastleigh hawajasahau Agosti 1, 1982, wanahewa wa kambi ya papo hapo mtaani waliposhiriki jaribio la kuipindua serikali. Mnamo 2020 Meja Jenerali Mohamed Badi alikabidhiwa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, tukachimbiwa visima. Maji yale yalitufaa, nami sitayatukana. Mwaka uo huo shirika la nyama la KMC likahamishiwa Wizara ya Ulinzi, kana kwamba kuchinja ng'ombe ni kulinda taifa! Kisha Juni 25, 2024, wanajeshi wakaamriwa kuwasaidia polisi dhidi ya machafuko. Kifungu cha 241 cha Katiba chasema wasipelekwe kutuliza ghasia nchini ila kwa idhini ya Bunge la Taifa. Idhini hiyo ilitolewa kesho yake, amri ikiwa imekwisha kuchapishwa.

Hapo ndipo nitofautianapo na mheshimiwa. Anadai fedha zirudi zote kwa fungu moja, nami nataka zipambanuliwe: za vifaa vya askari aliye vitani, za familia za waliokufa, na zile za shughuli ambazo si za kijeshi, ili hizi za mwisho zigharimiwe na wizara zinazohusika. Mipango ya vita ibaki siri. Bei ya buti haihitaji kufichwa, wala ya nyama.

Basi atakaposimama tena Bungeni, aanzie El Adde: walikufa wangapi, na jamaa zao wamelipwa nini?