DADU IMESEMA KWELI: KIBARUA SI MVIVU



Huko Marekani wakubwa wa ujenzi hufundishwa kupanga kazi kwa kucheza dadu. Mchezo huo ulielezwa na Iris Tommelein na wenzake mwaka 1999. Wengine wetu wataucheka. Sisi twasema msiucheke, kwa maana ni shahidi wetu.

Huchezwa hivi. Watu huketi mstari mmoja kama mafundi katika jengo: wa msingi, wa kuta, wa paa, wa mabomba, wa umeme, wa plasta, wa rangi. Kila mmoja hurusha dadu na kumpa jirani yake kete kadiri ya namba iliyotokea. Lakini hawezi kutoa kete ambazo hajaletewa. Kundi moja likipewa dadu yenye 3 na 4 tu, na kundi la pili dadu yenye 1 na 6 tu, wastani wa dadu zote mbili ni ule ule, 3.5. Hata hivyo kundi la pili kwa kawaida huchelewa kumaliza, na fundi wa rangi, aliye mwisho wa mstari, hukaa mikono mitupu akingoja.

Je, fundi huyo ni mvivu? Hasha! Kazi imekuja leo nyingi, kesho kidogo. Hilo ndilo lililoharibu.

Sasa tazameni majengo yetu. Simiti haikufika, au ramani imebadilishwa. Nani hulipa? Kibarua huambiwa saa nne, "Nenda nyumbani, rudi kesho," wala hapewi kitu. Jengo likichelewa, tajiri husema watu hawapendi kazi. Tena siku zikikatwakatwa hivyo, hupatikana hila ya kumnyima haki ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kisemacho kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi.

Glenn Ballard na Greg Howell, walioanzisha upangaji huu katika miaka ya 1990, waliona kwamba karibu nusu ya kazi zilizopangwa kwa juma hazikumalizika juma lile. Dawa yao ni hii: yule anayewagawia watu kazi ya kesho aketi penye mpango, aahidi linalowezekana tu, na awe na ruhusa ya kusema, "Hapana, vifaa havijafika."

Mchezo huu ukichezwa na wakubwa peke yao, watarudi na fimbo mpya ya kutuharakisha na kupunguza watu. Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hiyo twadai mambo matatu.

Kwanza, manyapara pamoja na wajumbe wa mafundi na vibarua waketi katika kila mkutano wa kupanga kazi ya juma.

Pili, asemaye "Hapana" kwa sababu ya kweli asifukuzwe.

Tatu, aliyefika kazini akakuta hakuna vifaa alipwe siku yake nzima, kwa kuwa dadu hakuirusha yeye.

Wajumbe wa matawi, yapelekeni madai haya katika mapatano yajayo. Tajiri akisema hayawezekani, mwambieni alete dadu tucheze naye, yeye akae mwisho wa mstari.

UMOJA NI NGUVU!