Jina Daftarini Lisiwe Hukumu

Mfanyakazi wa forodha pale Tunduma ajua jambo moja ambalo leo twapenda kulikumbusha taifa zima. Hati za lori humtaja mwenye lori. Hazisemi nani aliyeshika usukani usiku wa jana, wala nani aliyeficha mzigo chini ya turubali. Hati hizo ni za lazima, maana bila ya hizo upelelezi hauna pa kuanzia. Lakini afisa mwenye busara hamtii mtu hatiani kwa hati peke yake.

Busara hiyo sasa yatakiwa katika daftari la namna nyingine, nalo ni daftari la majina ya vikoa, yaani majina ya anwani za tovuti katika intaneti. Mtu atakaye tovuti hulipia jina kwa msajili, na msajili huandika jina la mwombaji, anwani yake, simu yake, barua pepe yake, siku jina liliposajiliwa na siku litakapokwisha muda. Majina yanayoishia na .tz husimamiwa hapa nchini na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Yale yanayoishia na .com, daftari lake kuu liko Marekani. Na kwa kuwa magaidi nao hutumia tovuti kueneza chuki, kuchangisha fedha na kuwarubuni vijana, wapelelezi wa dunia nzima hulipekua daftari hilo, na kumbukumbu zake hufikishwa mahakamani kuwa ushahidi.

Hatupingi jambo hilo hata kidogo. Sisi hatuhitaji kufundishwa na mtu ugaidi ni nini. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi, na watu 224 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa ndugu zetu Waafrika waliokuwa kazini au wakipita njia. Mtu anayepanga uovu wa namna hiyo ni adui wa taifa, na kila daftari linaloweza kumfichua yafaa lifunguliwe.

Lakini tukio hilo hilo latupa fundisho. Mmoja wa wahalifu wa bomu la Dar es Salaam alikimbilia Cape Town kwa hati ya kusafiria yenye jina lisilo lake. Huko alikamatwa Oktoba 1999, na mwaka 2001 mahakama ya New York ikampa kifungo cha maisha. Laiti wapelelezi wangalitafuta jina lake la kweli tu katika madaftari, wasingalimwona.

Daftari la vikoa nalo limekwisha kudanganywa. Oktoba 2005 polisi wa Uingereza walimkamata London kijana mmoja, Younes Tsouli, aliyekuwa mpiga propaganda mkubwa wa Al-Qaeda katika intaneti. Yeye na wenzake wawili walikuwa wametumia kadi za benki 72 zilizoibwa, wakasajili kwazo zaidi ya majina 180 ya tovuti kwa makampuni 95. Fikirini, ndugu wasomaji: kama polisi wangalishika daftari la malipo na kuishia hapo, wangalibisha hodi kwenye nyumba za watu walioibiwa, na wezi wangaliendelea na kazi yao. Ushahidi mzito ulitoka katika kompyuta za watuhumiwa wenyewe, na mwaka 2007 wote watatu walifungwa.

Hata jina likiwa la kweli, bado liko swali. Katika jimbo la Idaho, Marekani, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alishtakiwa kuwasaidia magaidi kwa kusajili na kutunza tovuti. Ilikuwa kazi kuonyesha nia yake, na maneno yaliyoandikwa humo yalikuwa ya nani. Juni 2004 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru kwa mashtaka yote ya ugaidi. Kulipia jina ni jambo moja, na kukusudia mauaji ni jambo jingine.

Sheria yetu imekwisha kuliona jambo hili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa namna hii, iangalie kama njia iliyotumika kuandika na kuhifadhi taarifa yaaminika, kama taarifa haikuchezewa, na kwa njia gani mwandishi wake alitambuliwa. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kiini cha neno letu. Mtuhumiwa wa ugaidi hapati dhamana. Akishikwa kwa kosa la daftari, shamba lake laota magugu na watoto wake wahangaika huku yeye akingoja kesi.

Kwa hiyo twasema hivi. Wapelelezi na walihifadhi daftari upesi, pamoja na tarehe na saa yake, maana jina laweza kubadilishwa mwenyewe kwa siku moja. Kisha waliunganishe na malipo, na simu, na kompyuta, na mashahidi. Daftari likiwa ng'ambo, waliombe kwa njia ya Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai ya mwaka 1991, wasiridhike na karatasi isiyojulikana imetoka wapi. Wasajili nao wasipokee jina lolote linaloletwa na mwenye fedha mkononi bila ya kuhakiki ni la nani.

Na mwananchi ana wajibu wake. Twawaambia hasa vijana wa mipakani, kuanzia Tunduma hadi kata ya Ibaba wilayani Ileje, ambako leo mtu mwenye simu aweza kulipia tovuti akiwa amekaa kwenye shina la mgomba. Akija mtu na noti chache, akasema, "Kijana, nisajilie kwa jina lako, mimi sina kitambulisho," mkatalieni, na habari zake zifikisheni kwa balozi wa shina na kwa polisi. Anayekodisha jina lake ajua bei aliyolipwa. Hajui mzigo aliotwishwa.

Chama chetu kimejengwa juu ya kuheshimu utu wa kila mtu. Utu huo wamtaka gaidi apatikane na kuhukumiwa, na wamtaka asiye na hatia arudi nyumbani kwake salama. Daftari lililoandikwa kwa ukweli na kusomwa kwa uangalifu laweza kutusaidia kwa yote mawili. Daftari la uongo, au lililosomwa kwa pupa, litamwacha mwuaji atembee na kumfunga mkulima.